Baba Mkwe wa Nyuma ya Dirisha

Niliishi uwanja mmoja na baba mkwe wangu miaka tisa, na sijawahi kumtazama usoni. Msinicheke. Mgongo wake naujua, kofia yake naijua, kikohozi chake nakitambua hata akiwa bado yuko kwa jirani. Uso, hapana.

Mimi ni mtu wa Tabora. Nilipangiwa kazi Kyela, kufundisha Kiingereza sekondari, na nilipofika nilikuwa najua mambo mawili tu ya huko: mchele na mvua. La tatu nilifundishwa na mama mkwe wiki ya kwanza ya ndoa, tukimenya ndizi jikoni, huko Ndandalo kwenye uwanja wao. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na jina lake silitamki. Akikohoa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Nikiingia mahali sijui kama yumo, anayetoka ni yeye, tena haraka, na aibu inabaki kwangu. Wengi siku hizi wameacha. Wenzangu shuleni, Wanyakyusa wenyewe, wanakula meza moja na wakwe zao na kubishana mpira mpaka wanapigiana kelele. Mimi Mungu akanipa yule ambaye hajaacha.

"Ni heshima, mwanangu," mama mkwe aliniambia. "Anakuheshimu sana."

Heshima gani hii ya kukimbiana, nikawaza. Lakini nilikuwa bibi harusi, nikaitikia tu.

Mume wangu alikuwa ananunua kokoa vijijini, Busale na huko juu, na alitujengea nyumba ya matofali ya kuchoma pembeni ya nyumba ya wazazi wake, kwenye ardhi ya baba yake. Tulipopata umeme akanunua runinga kubwa kuliko ukuta wenyewe. Kila Jumamosi alikuwa anapita dukani mjini wamjazie flashi, na kwa sababu ameoa mwalimu wa Kiingereza, alikuwa anakataa muvi zilizotafsiriwa na madijei. Dijei anakutia utani wake, anamtukana shemeji yake humohumo, mwisho hujui sinema imesema nini. "Nina mtafsiri wangu ndani," mume wangu alikuwa anawaambia, na mimi, mjinga, nilikuwa nafurahi.

Sasa huyo mzee akasikia milio. Akataka kuona. Ataonaje, na mimi nimo ndani? Mama mkwe ndiye aliyepanga. Runinga ikageuzwa ielekee dirisha la kibarazani. Mzee akawekewa kiti nje, anatazamia ndani kupitia nondo. Mimi nikakaa chini, mgongo ukutani, chini ya dirisha hilohilo, macho kwenye runinga. Kichwa changu kilikuwa nusu hatua tu kutoka magoti yake, ukuta katikati. Yeye hanioni, mimi simwoni. Mama mkwe akakaa mlangoni, anatuona wote wawili. Halafu nikaanza kutafsiri kwa sauti, namwambia mama mkwe, kumbe naambia dirisha.

Aliyempenda ni mmoja tu. Shujaa mmoja wa kinyago, mtoto wa tajiri mwenye kinu, anayeruka mapaa kuokoa mji wake, na adui yake mwenye mkono wa chuma. Wazungu hawachoki na hao watu wawili. Kila baada ya miaka michache anatokea mtengeneza sinema mwingine anaanza upya, tangu mwanzo, kana kwamba hakuna aliyewahi kusimulia. Mzee aliposikia hivyo alishangaa mno. Akamuuliza mama mkwe, mama mkwe akaniuliza mimi, ingawa nilikuwa nimeshasikia kila neno: "Baba yako anauliza, ni mtu yuleyule?"

"Ni yuleyule, mama. Mpishi ndiye mwingine."

Mzee alicheka nyuma ya kichwa changu. Tangu siku hiyo wote wakawa wapishi. Mpishi wa Kwanza, yule wa zamani, alimpika shujaa kwa rangi nyekundu na manjano, anacheka akipiga watu, na adui mkono wa chuma alikuwa mbaya kwa sababu ni mbaya, basi. Anaingia, anacheka, anaiba, anapigwa, kwaheri. Mzee alimpenda huyo. "Huyu anajua kazi," alisema. "Mwovu unamjua toka anapoingia." Mimi pia nilimpenda, kwa siri, ingawa darasani nawafundisha watoto kwamba mhusika mzuri lazima awe na sababu.

Mpishi wa Pili alileta mvua. Mvua mwanzo mpaka mwisho, mji mzima giza, shujaa amenuna, analala na viatu, anaongea kwa kunong'ona kama mgonjwa. Adui naye hacheki tena, anatoa hotuba. Nilitafsiri hotuba zake mpaka koo likanikauka. Dirishani kimya. Mwisho mzee akamwambia mkewe, kwa Kinyakyusa kisha kwa Kiswahili ili nipate na mimi: "Mwambie huyo mpishi aje Kyela. Sisi tunanyeshewa mwaka mzima na hatujanuna."

Tulicheka, haki ya Mungu, tulicheka wote watatu, na mimi nikausikia ukuta ukitikisika mgongoni. Siku kama hizo nilisahau kwamba sijawahi kumwona. Nilikuwa naujua ukimya wake mmojammoja: wa kutoelewa, wa kuchoka, na ule mrefu anaokaa kabla ya kusema jambo zito, maana hakuwa mtu wa kuropoka. Anasimama kwanza, anavuta pumzi, anakaa kimya mpaka unadhani ameondoka, ndipo anasema. Baba yangu mwenyewe sikuwahi kumsikiliza hivyo.

Halafu akaja Mpishi wa Tatu, na huyo sitamsamehe.

Mpishi wa Tatu alimweka shujaa pembeni akamgeukia adui. Muvi nzima ni ya yule mkono wa chuma. Kumbe alikuwa mfanyakazi kwenye kinu cha baba yake shujaa. Kumbe mashine ilimla mkono. Kumbe mwenye kinu alikuwa na uwezo wa kumtibu au wa kumpeleka mwanawe shule za mbali, akachagua mwanawe. Saa mbili nzima unamtazama mtu anaharibiwa taratibu, na mtoto wa tajiri, yule tuliyekuwa tunamshangilia, anapita nyuma kwenye gari na begi la shule. Nilikuwa natafsiri vizuri siku hiyo, natia na huzuni kidogo, mwalimu mimi. Nilipofika pale adui anasema, "Kilichomsomesha yeye ni mkono wangu," nikasikia kiti kimesukumwa nje. Hatua zikaondoka.

"Kaudhika na nini?" nikamuuliza mama mkwe.

Alizima runinga mwenyewe, mkono umejaa udongo, maana yeye ni wa Ikombe, kwa wafinyanzi wa vyungu, na hata uzeeni alikuwa hakai bila kufinyanga. Ndipo akaniambia habari ambayo mume wangu hakuwahi kunigusia. Mume wangu alikuwa na mdogo wake wa kiume. Ada ilikuwa inatosha mtoto mmoja. Mzee alimtoa yule mdogo kidato cha pili akamtia shamba la kokoa, ili mkubwa amalize. Mdogo ndiye aliyekuwa na akili zaidi, walimu walikuja nyumbani kuomba, mzee akakataa. Mdogo akapasua kokoa miaka minne kisha akatorokea Tunduma.

"Kwa hiyo usimletee tena hiyo," mama mkwe akasema.

Sikumletea. Tukarudi kwa wa kwanza na wa pili, lakini haikuwa kama zamani. Siku moja mzee aliuliza, "Sasa ipi ni ya kweli?" Nikajibu kama ninavyojibu darasani: hakuna ya kweli, kila mmoja anamwona alivyoamua kumwona. Ukimya. Kisha akasema, polepole, kwamba basi yule mtu anaonewa, kila anayekuja anamsemea anavyotaka. Sikujua anamsemea shujaa au adui, na sikuuliza.

Mume wangu alikufa mwezi wa masika. Presha. Asubuhi alikunywa chai, saa saba nikafuatwa shuleni. Sitaandika zaidi hapo.

Shemeji alikuja msibani kutoka Tunduma na hakurudi. Biashara zake huko zilikuwa zimekufa, hilo kila mtu alilijua. Kabla hata ya arobaini akaanza kupimapima nyumba yangu kwa macho. Akaingia bila hodi akauliza choo kina shimo la futi ngapi. Akaniambia, "Dada, wewe una mshahara wa serikali, wewe si wa kuteseka." Halafu likaja lile nililolijua litakuja: sikuzaa. Nyumba imejengwa kwenye ardhi ya ukoo, mwenye ardhi ni mzee, aliyejenga amekufa, mtoto hakuna, mimi ni wa Tabora. Alilisema kwa upole, na upole wake ndio ulionikata maini. Angekuwa wa Mpishi wa Kwanza, acheke, apige meza, ningempiga na mwiko. Huyu alikuwa anasema, "Mimi nilitolewa shule ili nyumba hii ijengwe," na ni kweli! Muvi ile ilikuwa imeniharibia hata chuki yangu. Nilikuwa namchukia huku namwona kijana wa kidato cha pili ameshika panga la kokoa. Nani aliniomba nimwone?

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja. Mzee ndiye aliyempa mume wangu kiwanja kile, kwa mdomo, mbele ya mama mkwe tu. Akisimama kwenye kikao cha ukoo aseme, "Nilimpa mwanangu, na cha mwanangu ni cha mkewe," imekwisha. Hakuna mwingine mwenye neno hilo. Nyumba yangu, miche yangu ya kokoa nyuma ya nyumba, miaka yangu tisa, vyote vilikuwa kwenye mdomo wa mtu ambaye hajawahi kunisemesha.

Kikao kiliwekwa Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwangu, eti ndiko kwenye viti vingi. Kiliongozwa na baba mkubwa wa mume wangu. Asubuhi mama mkwe alikuja jikoni, akanishika bega, akasema, "Leo kaa hapa. Usitoke jikoni mpaka nije." Hakusema zaidi. Mimi nikasikia nini? Nikasikia mwanamke anaambiwa akae jikoni wakati wanaume wanagawana nyumba yake. Nikamtazama nikasema moyoni, kumbe na wewe. Kumbe wote mmekula njama.

Nilikaa. Naapa nilijitahidi kukaa. Nilimsikia shemeji akiongea kirefu, maneno yake ya shule na ada na Tunduma. Nikamsikia baba mkubwa akikubali, "Ehe, ehe." Watu wakaguna. Kisha kukawa kimya. Kimya kirefu. Nikangoja mtu aseme neno, hakuna; hata kikohozi cha mzee sikukisikia, nikaamini hayumo. Nikajua, au nilijidai kujua, kwamba wameshaandika na sasa wanapitisha kalamu, wanasaini mmoja mmoja. Miaka yote ile nimetafsiri watu wanaosimama wakati wa mwisho wakapiga teke mlango! Nikajiambia, mwalimu mzima, shahada mfukoni, nasubiri nini?

Nikafuta mikono, nikaingia.

Alikuwa amesimama. Katikati ya sebule, kofia mkononi, mgongo umenielekea, mkono wake mmoja umeinuliwa kidogo kama mtu anayeanza kusema. Wote walikuwa wamemtazama yeye. Mtu mmoja akasema, "Eeh!" kwa sauti ya kumsikitikia, na mzee akajua ni mimi kabla sijasema kitu. Hakugeuka. Alijifunika uso kwa kofia yake, akainama, akapita kati ya viti akajigonga goti kwenye meza, akatoka mlango wa mbele. Nilisikia hatua zake kwenye changarawe, haraka haraka, mzee wa watu, mpaka zikapotea.

Hakuna aliyenigombeza. Baba mkubwa alitazama sakafu. Shemeji, huyo niliyetamani anicheke ili nimchukie vizuri, hakucheka hata. Alisubiri kidogo kwa adabu, kisha akasema, "Mzee ameondoka bila kupinga. Nadhani tumemaliza." Wakaandika hivyo. Mzee ameondoka bila kupinga.

Najua mtaniambia kuna sheria, kuna mabaraza. Nilikwenda. Kila nilipokwenda waliniuliza swali moja: mwenye ardhi anasemaje? Nikatuma watu kwa mwenye ardhi, naye akajibu kupitia watu kwamba kikao kilishakaa. Miezi minne baadaye nilipanga vyumba viwili Kyela mjini, karibu na stendi, nikabeba runinga na kitanda. Miche ya kokoa haibebeki.

Mwaka huu mama mkwe alikuja kunitembelea. Alikuja na mchele kwenye kikapu na chungu kidogo alichofinyanga, akakaa kwenye kochi la chumba changu cha kupanga, miguu haifiki chini. Nikampikia chai. Nilikuwa nimejiapiza nikimwona sitauliza, nikauliza hata chai haijapoa: siku ile mzee alikuwa anataka kusema nini?

"Alikuwa anataka kusema alimpa mwanawe," alijibu. "Na kwamba ni yako. Aliamka nalo tangu alfajiri, anazunguka kibarazani analisema peke yake. Akaniambia, mwambie asitoke jikoni, nisije nikashindwa kumaliza."

Nilimpandishia sauti mama wa watu. Nilisema, kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukusema, anakusemea, tulia? Neno moja, mama, neno moja!

Akaniangalia kama vile ni mimi niliyemuumiza. "Nilikwambia ukae jikoni. Nilidhani unajua kwa nini. Miaka tisa, mwanangu."

Ni kweli. Nilipaswa kujua. Ule ukimya niliousikia jikoni ulikuwa wake, ule wa kusimama na kuvuta pumzi, niliousikiliza Jumamosi ngapi chini ya dirisha, na siku ulipokuwa unanihusu mimi sikuutambua. Hilo nalikubali. Lakini na yeye je? Kwani asingebaki? Dakika moja. Afumbe macho, ageukie ukuta, afunike uso na kofia yake hiyohiyo, lakini aseme! Na kama alishindwa siku ile, siku zilizofuata je? Nilimuuliza mama mkwe hilo pia. Akasema mzee ana miguu mibovu sasa, na shemeji ndiye anayempeleka hospitali kwa pikipiki yake, anamsubiri, anamrudisha, anamnunulia dawa. "Mzee alimkosea yule utotoni," akasema, "na anajua. Akisema sasa, anamtoa mwanawe mara ya pili, kwanza shule, sasa nyumba." Ujasiri wa kunisemea alikuwa nao siku moja tu, na siku hiyo nikaufungulia mlango ukatoka.

Tukanywa chai. Nje mvua ilianza, ile ya Kyela isiyouliza msimu. Mama mkwe akageuza kikombe, akaanza kutabasamu kidogo kama msichana aliyetumwa.

"Baba yako anauliza," akasema, "eti kuna mpya imetoka? Ya yule wa kinyago. Amewasikia vijana wakiongea dukani. Anasema ni mpishi mwingine tena."

Imetoka. Ninayo, iko kwenye flashi, kwenye droo ileile niliyokuwa nimeegemea. Nilikuwa nimeshaiangalia mara mbili peke yangu, na mara zote mbili nilikuwa natafsiri kwa sauti, chumba kitupu. Nilitaka kuicheka hiyo habari nikalia, nikataka kulia nikakasirika. Yaani kitu pekee alichobakiza kunitumia salamu ni muvi.

"Mwambie aje aniulize mwenyewe," nikasema. "Kwa mdomo wake, hapa, ananitazama."

Tabasamu likafutika. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Mwanangu, hilo siwezi kumfikishia."

"Basi asione."

Alisema ndaga, asante ya kwao, kwa chai, akajitanda kanga kichwani kwa ajili ya mvua, akachukua kikapu chake kitupu. Mimi niliyelelewa kumsindikiza mgeni hata kama ameniudhi, nilibaki nimekaa.